Mashine za masikio ninazo, sauti nasikia, maneno siyashiki. Haya mazoezi ya kusikiliza yanasaidia kweli?

Mama_Wawili

Habari zenu wadau, naombeni mnivumilie maana maelezo yangu ni marefu kidogo.

Mi ni mwanamke wa miaka 52, masikio yalianza kupungua taratibu kama miaka kumi iliyopita, nikawa napandisha sauti ya tivii, nalalamika watu wa siku hizi wanaongea kama wana maji mdomoni, ile stori mnaijua. Mwisho watoto wakanisukuma nikapimwe, nikaonyeshwa ile chati, mstari unaanza vizuri tu upande wa sauti nzito, ukifika upande wa sauti nyembamba unaporomoka kama mtu kajikwaa ngazini. Nikapewa mashine, masikio yote mawili, huu sasa mwezi wa tatu.

Kusikia nasikia. Nasikia hadi nisivyovitaka: mfuko wa nailoni ukikunjwa ni kama kuni zinawaka, friji inanguruma, kumbe hata nguo zangu zina kelele nikitembea. Ila mtu akiongea, hasa wakiwa wawili watatu, maneno yanakuja yamekatikakatika, nashika mwanzo nakosa mwisho. Wiki iliyopita nilipigiwa simu kuhusu miadi, nikasikia saa sita, nikawahi kabisa, kumbe ni saa tisa. Nimekaa kwenye benchi masaa matatu naangalia mlango, kila jina likiitwa naamka nusu afu najirudisha, na kuuliza naona aibu.

Nilimweleza yule mtaalamu aliyenipa mashine, akanijibu huku anaangalia saa yake, "fanya mazoezi ya kusikiliza, zipo programu za simu", basi, imeisha hiyo. Mazoezi gani, dakika ngapi, mpaka lini, sikuambiwa. Sasa nauliza: mliofanya haya mambo yaliwasaidia au ni kupotezeana muda? Sikio lililochakaa linafanyishwaje mazoezi, kwani ni goti hilo?

koklea_kushoto

Dada pole, na hiyo ya saa tisa na saa sita usijilaumu hata kidogo. Yatamke taratibu: tisa, sita. Herufi ni zilezile nne, t na s tu zimebadilishana viti. Na hizo mbili ndo zinakaa kulekule chati yako inakoporomoka. I na a zilikufikia, konsonanti hazikufika au zilifika zimechanika, ubongo ukachagua moja. Ni kura, na kura siku nyingine unakosa.

Kuhusu goti: hapana, sikio lenyewe halifanyishwi mazoezi. Ndani kabisa kwenye koklea, kale kasehemu ka sikio la ndani kaliojikunja kama konokono, kuna vinyweleo vya kusikia, chembe kama 15,000 kila sikio, na kwa binadamu zikifa hazioti tena, hata ufanyeje. Kinachofanyishwa mazoezi ni ubongo, ambao kwa miaka kumi umekuwa unaletewa maneno nusunusu ukayazoea hivyohivyo, sasa ghafla unaletewa s na sh na f ambazo ulishazisahau na haujui uziweke wapi, ndo maana mfuko wa nailoni unakuwa moto.

Mi nilipoteza usikivu wote nikiwa na miaka 38 baada ya homa ya uti wa mgongo. Nikawekewa kipandikizi cha koklea sikio la kushoto, yaani kifaa kinachopeleka sauti kwa umeme moja kwa moja kwenye neva ya kusikia. Siku ya kuwashwa nilidhani nitasikia sauti ya mke wangu nilie kama kwenye vidio za mtandaoni, wapi! Nilisikia milio, kama panya wanagombana juu ya bati, mke wangu, daktari na mlango wote sauti moja. Nikarudi nyumbani nimenuna. Na ukifikiria ndivyo ilivyopaswa kuwa, maana badala ya zile chembe maelfu mi nina waya wenye elektrodi 22 tu, yaani vidoa vya kupitisha umeme (wengine wanazo 12, inategemea kampuni), yaani ni kama mtu alikuwa na picha nzuri ya rangi afu unampa vigae 22 unamwambia haya, huyu ni nani.

Lakini ubongo ni kiumbe cha ajabu. Tulianza na mambo ya kitoto kabisa. Mke wangu anakaa kaficha mdomo kwa kitabu, mi nina karatasi ya maneno mbele yangu, anasoma moja naonyesha kidole. Mwanzo maneno ya urefu tofauti, "njoo" na "mwanafunzi", hapo hata kiziwi anabahatisha. Afu yanafuata ya urefu sawa ila vokali tofauti. Afu yanayofanana kila kitu isipokuwa herufi moja: paka, taka, saka, kaka. Hapo kwenye paka na kaka nilikaa wiki tano. Tano! Nilikuwa nazichukia zile karatasi mpaka basi. Ila kama mwezi wa nne hivi nilikuwa jikoni, mtoto yuko nyuma yangu akasema "baba umemwaga", nikasema "najua", afu wote wawili tukanyamaza.

Kitu kimoja ambacho nafanya mpaka leo, mwaka wa sita huu, kila asubuhi: zile sauti sita za Ling. Ni mtaalamu mmoja anaitwa Daniel Ling alizipanga, m, u, a, i, sh, s. Mke anazitaja ovyoovyo bila mpangilio, mi narudia. M iko chini kabisa kwenye sauti nzito, s iko juu kabisa, nyingine zinajaza katikati, kwa hiyo ndani ya nusu dakika unajua kama mlango wa mazungumzo uko wazi wote au nusu. Kuna asubuhi moja s iligoma, nikaanza kuogopa kwamba kipandikizi kinakufa, kumbe kifuniko cha maikrofoni kimejaa jasho na vumbi. Nilibadilisha, s ikarudi.

Mwalimu_Masikio

Nimefanya kazi ya kurekebisha usikivu na matamshi kwa miaka mingi, watu wazima na watoto, nachangia kidogo.

Kabla hujaanza zoezi lolote dada Mama_Wawili, hakikisha kinachoingia sikioni ni sahihi, maana kufanya mazoezi na mashine iliyoseti vibaya ni kama kujifunza kusoma na miwani ya mtu mwingine. Uliza kama walikupima na kijirija chembamba ndani ya sikio huku mashine imevaliwa, ili waone sauti inayofika kweli kwenye ngoma ya sikio lako, au walibonyeza tu setingi ya kiwanda wakakuaga. Na nta iangaliwe. Nimeona watu wanahangaika miezi na "ubongo haujazoea" kumbe ni nta imeziba kakijirija ka mashine. La pili, unavaa masaa mangapi kwa siku? Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe, na ujue mashine nyingi za sasa zina kumbukumbu, mtaalamu akiichomeka anaona wastani wa masaa. Mtu anayevaa masaa mawili ya jioni akitegemea ubongo uzoee atasubiri sana. Vaa toka unaamka hadi unalala, hilo peke yake ni zoezi, na pengine ndo zoezi kubwa kuliko yote.

Sasa mazoezi yenyewe. Alichoeleza koklea_kushoto kina ngazi, mtaalamu mmoja, Norman Erber, alizipanga vizuri miaka ya 80 mwanzoni: kwanza kugundua kwamba sauti ipo, pili kujua kama sauti mbili ni sawa au tofauti, tatu kuitambua ni ipi, nne kuelewa maana. Dada wewe ngazi ya kwanza umeshavuka, unasikia mpaka nguo. Unakwama ya pili na ya tatu, kwa hiyo ukienda moja kwa moja kwenye mazungumzo ya watu watano unaruka ngazi, na ukikaa kwenye paka na kaka miaka miwili pia unakosea, maana hakuna anayeongea kwa maneno mojamoja. Changanya. Kama dakika ishirini kwa siku, siku tano kwa wiki, nusu kazi ya sauti ndogondogo, nusu sentensi na hadithi.

Niongeze jambo ambalo programu nyingi hazina, kwa sababu zimetengenezwa kwa lugha nyingine. Kiswahili kina mitego yake. Mtu akisema "atakuja" na mwingine "hatakuja", tofauti ni h, pumzi tu, sauti dhaifu kuliko karibu zote tulizo nazo, na imebeba ndiyo na hapana ya sentensi nzima! Nina wateja waliogombana na ndugu zao kwa h hiyo. "Anajua, hajui" kidogo ina nafuu, mwisho unabadilika, unapata nafasi ya pili ya kushika. "Atakuja, hatakuja" haikupi nafasi ya pili.

Mtego mwingine ni i na u. Watu wanadhani vokali ni rahisi zote, na kweli nguvu ya vokali iko chini kwenye sauti nzito ambako wengi bado tunasikia. Lakini i na u huko chini zinafanana sana, kinachozitenganisha kiko juu zaidi, i ina mlio wake wa pili juu ya hezi 2000 na u wake uko chini karibu na hezi 800 au hivyo. Mtu mwenye chati inayoporomoka anapoteza ule wa juu, i inageuka u. Kwa hiyo mti na mtu, kila na kula, pita na puta. Tengeneza orodha yako hapo, usisubiri programu.

Na koklea_kushoto mwambie shemeji asizibe mdomo kwa kitabu wala kiganja, vinameza zile sauti nyembamba tunazozitafuta. Akae pembeni yako upande wa sikio linalosikia, au nyuma kidogo, inatosha. Kuficha mdomo kwenyewe ni sawa wakati wa zoezi, maana macho yanaingilia kuliko tunavyodhani, kuna jaribio maarufu la mwaka 1976 la McGurk na MacDonald, sikio linaletewa "ba", midomo kwenye picha inasema "ga", mtu anaapa kasikia "da". Ila zoezi likiisha, angalia midomo bila aibu! Midomo haitoshi peke yake, simama mbele ya kioo useme mama, baba, papa bila sauti, huoni tofauti. Lakini m na b, ambazo mdomoni ni kitu kimoja, sikio la sauti nzito linazitenganisha bila shida, na s na f ambazo sikio lako linazichanganya, mdomoni zinaonekana wazi, meno yanagusa mdomo wa chini au hayagusi. Vinasaidiana.

mzee_wa_kubisha

Niruhusuni nimwage maji kidogo kwenye huo moto.

Nina miaka 67, mashine nazivaa mwaka wa nane. Nilinunua programu ya mazoezi, ya kulipia, nikafanya kwa nidhamu ya kijeshi, nusu saa kila siku mwezi mzima. Alama zangu zilipanda kama moshi, mwisho nilikuwa bingwa, sentensi zenye kelele nyuma nazipata karibu zote. Nikaenda kwenye kikao cha ukoo nikiwa najiamini, nikakaa pale nikitabasamu na kutikisa kichwa masaa mawili kama zamani, sikuambulia kitu. Nimekuwa bingwa wa ile sauti ya yule bibi wa kwenye programu, basi.

Na sio mimi tu. Iko programu inaitwa LACE, ilitengenezwa na kina Sweetow huko Marekani, mwanzoni matokeo yake yalikuwa mazuri ikasifiwa sana. Mwaka 2016 ukatoka utafiti mkubwa kidogo, maveterani 279 wenye mashine, wakagawanywa makundi, wengine wakafanya hiyo programu, wengine wakasikiliza vitabu vya kusomwa tu, wengine wakapewa huduma ya kawaida na maelezo. Mwisho wa siku makundi hayakutofautiana la maana. Sasa mtu akija hapa aseme "programu za simu zipo" afu anaangalia saa, mi nakasirika kwa niaba yako.

Kilichonisaidia mimi ni vitu vya kijinga. Kukaa karibu: umbali ukiongezeka mara mbili kwenye eneo la wazi sauti inashuka desibeli 6, kwa hiyo ukisogea kutoka mita mbili hadi mita moja umepata zaidi ya utakachopewa na mwezi wa mazoezi. Kukaa mgongo ukutani kelele zisinijie toka nyuma. Kale kamaikrofoni kadogo unampa msemaji akachomeke kwenye shati, sauti inakuja moja kwa moja kwenye mashine. Na kuacha kusema "ehee?" au "nini?" maana mtu atarudia yote vilevile ila kwa kupiga kelele, na kelele inaharibu midomo na maneno. Nasema nilichoshika: "umesema mnaondoka Alhamisi, saa ngapi?" Anarudia kipande kimoja tu na hachoki na mimi. Wewe dada pale kwenye simu ungesema "saa sita ya mchana, sita ya baada ya tano?" usingekaa benchi.

Mwalimu_Masikio

Mzee hujakosea, utafiti huo naufahamu na nawaambia wateja wangu kabla hawajatoa hela. Ila tusitupe mtoto na maji ya kuogea. Unachosema wewe mwenyewe ndo jibu: mtu anakuwa hodari kwenye kile alichokifanyia mazoezi. Ulifanyia mazoezi sauti ya bibi wa programu, ukapata sauti ya bibi wa programu. Sasa kama dada anataka kumwelewa binti yake na mume wake na simu za miadi, basi afanyie mazoezi sauti ya binti, ya mume, na tarakimu na masaa kwa simu. Halafu waliopandikizwa koklea ni hadithi nyingine kidogo, ubongo wao unapewa kitu kigeni kabisa, kuwaacha bila mazoezi siwezi kushauri.

Na haya ya kukaa karibu na kuuliza kwa akili yamekuwa sehemu ya kazi yetu toka mwanzo. Fani yenyewe ilikua baada ya vita vya pili vya dunia, askari wa Marekani wakirudi masikio yameharibiwa na mizinga, akina Raymond Carhart wakawa wanawaweka kambini hospitali wiki kadhaa: mashine, kusikiliza, kusoma midomo, vyote kwa pamoja. Siku hizi mtu anapewa boksi na betri na kwaheri.

Baba_Msomaji

Mi sio mgonjwa, ni mume wa mgonjwa, na naona hapa wenza hatujaongea.

Mke wangu mashine mwaka wa pili. Zile orodha za maneno zilitushinda, tulikuwa tunagombana, nikisema "fika" anasema "pika" namwambia hapana anasema tamka vizuri, nikitamka vizuri ananiambia sasa unanipigia kelele. Mtaalamu wetu akatufundisha kitu kingine, ni njia ya zamani, ya mwaka 1978, waliianzisha De Filippo na Scott, ni rahisi mpaka unashangaa. Nachukua kitabu cha hadithi ambacho hajakisoma. Nasoma kipande, maneno matano sita, yeye anarudia neno kwa neno. Akikosea siendelei. Narudia, nikiona imegoma nabadilisha namna, nalikata, nampa kidokezo, hata namwandikia neno moja, mpaka kipande kikamilike ndo tunasonga. Tunafanya dakika kumi, tunapima kwa saa ya simu. Mwisho tunahesabu maneno tuliyoyavuka tunagawa kwa kumi.

Siku ya kwanza tulipata maneno 19 kwa dakika. Yaani dakika kumi hatujamaliza ukurasa, mhusika wa hadithi bado anafungua mlango. Nilitaka kucheka nikaona uso wake nikaacha. Baada ya miezi miwili tulikuwa kwenye 40 na kidogo. Mzee_wa_kubisha usinirukie, najua na mimi ndo sauti ya bibi wa programu. Ila mi ndo ninayeishi nae, sasa ajifunze sauti ya nani?

Na kuna kitu ambacho sikukitegemea, mi ndo nilijifunza zaidi. Niligundua kwamba nameza mwisho wa sentensi. Naanza kwa nguvu namaliza kwa kunong'ona, na naongea nikiwa nimeshageuka naelekea mlangoni. Miaka yote hiyo nilikuwa nasema "huyu hanisikii" kumbe nusu ya kosa ni mgongo wangu.

Mama_Wawili

Jamani nimerudi, ni wiki ya tatu toka niandike, sikuwa kimya kwa kiburi.

Kwanza nilienda kuulizia hicho kipimo cha kijirija ndani ya sikio. Haikuwa rahisi, pale pa mwanzo waliniambia "sio lazima", nikaenda pengine. Wakapima, wakakuta sikio la kulia zile sauti nyembamba mashine haizifikishi kabisa kwenye kiwango, imeseti chini mno. Wakapandisha kidogokidogo, na nta wakatoa. Nilipotoka nje nikasikia kitu kinasema tsi tsi tsi, nikageuka huku na huku, ilikuwa ndala zangu kwenye changarawe.

Pili masaa. Nilijijibu mwenyewe kama Mwalimu alivyosema na jibu lilikuwa baya. Nyumbani nilikuwa nazivua, nilijiambia naipumzisha akili. Sasa nazivaa toka asubuhi, siku nne za kwanza nilikuwa na hasira na kila kijiko kikigusa sahani, siku hizi vijiko wala sivisikii mpaka nivifikirie.

Tatu, nikafanya jaribio na binti yangu mdogo. Nilimwambia aandike kwenye karatasi atakuja, hatakuja, mara ishirini kwa kuchanganya, anakaa pembeni yangu anasoma kwa sauti ya kawaida, mi naandika yangu. Nikapata 11. Nilifurahi nikadhani nimevuka nusu, binti akaniambia mama hata ungerusha shilingi ungepata 10. Mtoto huyu! Ila kweli. Yaani miezi yote hii mtu akiniambia fulani hatakuja nilikuwa narusha shilingi. Tumefanya kila siku baada ya mashine kurekebishwa, juzi nimepata 16, jana 15, na nikimwambia aseme sentensi nzima, "mjomba hatakuja kesho kwa sababu anaumwa", hapo napata karibu zote, kwa sababu huo ugonjwa unaniambia h ilikuwepo hata kama sikuisikia.

Mti na mtu bado kabisa. Na nina swali: kuanzia saa kumi jioni nakuwa nimechoka, sio usingizi, ni kichwa kimejaa, mtu akiniongelesha naona kama ananionea. Ni kawaida au mashine zimepandishwa mno?

koklea_kushoto

Kawaida kabisa dada. Mwenye masikio mazima anasikiliza huku anawaza mambo yake, sisi kila sentensi ni fumbo la kujaza nafasi, na hiyo ni kazi ya akili kweli, sio uvivu. Mi zoezi nafanya asubuhi, jioni sigusi. Na nimeiambia familia kwamba nikivua kile kifaa nusu saa kabla ya chakula cha usiku sijawanunia, nachaji mimi mwenyewe. Ila kama sauti zinauma au zinashtua, hiyo sio uchovu, rudi wakapunguze.

mzee_wa_kubisha

16 kati ya 20 sio mbaya. Nimemwambia mjukuu anisomee hizo atakuja hatakuja, nimepata 12, na mi nina miaka minane na mashine. Nisingejua. Naendelea kubisha kuhusu programu za kulipia, ila karatasi na mjukuu ni bure.

Kichwa kujaa: kwenye kikao omba mapumziko kabla hujachoka, ukishachoka umechelewa. Mi nasema naenda kupiga simu.

Mwalimu_Masikio

Dada, ongeza tarakimu kwa simu. Binti awe chumba cha pili akupigie, akutajie masaa na tarehe, wewe urudie kwa kuongeza kitu kama mzee alivyosema. Simu inakata sauti za juu na midomo huioni, usikate tamaa ukishuka. Sauti ikipitishwa moja kwa moja kwenye mashine zako kwa blutuuthi, masikio yote mawili, itakuwa nafuu. Kelele usiongeze bado. Ukifika 18 kwenye chumba kimya ndo uwashe redio chini chini upande wa pili wa chumba, usiipandishe mpaka uzoee.

Mti na mtu mpe binti aziweke kwenye sentensi zisizokusaidia, "nimeona mti", "nimeona mtu", sio "mti umeanguka na matawi yake".

Mama_Wawili

Sawa mwalimu. Tumejaribu simu jana usiku, yuko chumbani kwake mi niko sebuleni, akanitajia masaa kumi, nimepata saba. Sita na tisa alizitaja mara nne makusudi, nikakosa moja. Afu akaniuliza "mama umeona mti?" nikamwambia mtu gani tena saa hizi, nimefunga mlango. Nilimsikia anacheka toka kule bila hata simu.

Miadi ya kurudi kuangaliwa mashine ni Alhamisi. Dada wa mapokezi kasema saa tisa, nikamuuliza tisa ya baada ya nane, akasema ndiyo, na bado nimemuomba anitumie meseji.